Dawa za tatizo la kuwahi kufika kileleni: maswali ya wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Barua nyingi za safari hii zimetoka Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, na nyingi zinauliza jambo moja: mwanamume anayemaliza mapema mno ameze nini, kiasi gani, na nini kinaweza kumdhuru. Tumechagua chache, tumezifupisha na kuondoa majina. Majibu haya yatakusaidia kuzungumza na daktari na mfamasia ukijua unachouliza. Cheti anaandika yule aliyekupima.

"Dakika tano hazifiki"

*Shikamooni. Nina miaka 27, nimeoa mwaka jana. Wenzangu kijiweni wanasema mwanamume kamili huenda nusu saa. Mimi dakika tano hazifiki. Nitumie dawa gani? (Msomaji, Uyole, Mbeya)*

Marahaba, kijana wetu. Usinunue chochote bado. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa wenza wapatao 500 kutoka Uholanzi, Uingereza, Hispania, Uturuki na Marekani, waliopima kwa saa ya kuhesabia sekunde tangu kuingia hadi kumwaga. Muda wa katikati ulikuwa dakika 5.4, maana yake nusu ya wanaume wale walimaliza kabla ya hapo. Wapo waliochukua chini ya dakika moja, na mmoja alifika dakika 44. Nusu saa ya kijiweni haimo katika maisha ya watu wengi.

Daktari huita hali hii tatizo la kutibiwa pale mambo matatu yanapokutana. Kwanza muda: karibu dakika moja au chini yake tangu mtu alipoanza kujamiiana, au kwa aliyekuwa sawa zamani, muda kushuka hadi dakika tatu hivi au pungufu. Pili, kushindwa kujizuia mara zote au karibu zote. Tatu, hali hiyo kukuumiza, kukugombanisha na mwenzako au kukufanya ukwepe tendo. Kwa maelezo yako, la kwanza halipo. Kabla ya vidonge jaribuni zoezi alilolieleza daktari James Semans mwaka 1956: mwenzako akusisimue kwa mkono, ukikaribia kumwaga mwambie aache, msubiri hadi hamu ya kumwaga ipoe, kisha mwanze tena. Rudieni mara kadhaa ndipo umalize. Linataka wiki kadhaa na mke anayejua mnachokifanya, na hata anayetumia dawa hufaidika akilifanya sambamba nazo.

Dapoksetini: saa, maji, na kuanguka chooni

*Nimepimwa hospitali nikaandikiwa dapoksetini ya miligramu 30. Nasita kuimeza kwa sababu jamaa yangu alimeza akaanguka chooni usiku. Nafanya kazi ya mbao, msumeno mikononi kutwa. Je, ni salama? (Msomaji, Mafinga)*

Kwa mwanamume wa miaka 18 hadi 64 asiye na ugonjwa wa moyo wala wa ini, akiimeza inavyotakiwa, ndiyo. Tutalijibu swali lako kwa kirefu kwa sababu karibu madhara yote tunayoulizwa huanzia kwenye namna ya kumeza.

Dawa hii huongeza kazi ya serotonini, kemikali ya ubongo inayochelewesha kumwaga. Nchi za kwanza kuiruhusu kwa tatizo hili zilikuwa Ufini na Uswidi, mwaka 2009. Huingia mwilini haraka na sehemu kubwa hupungua haraka, ndiyo maana humezwa siku ya tendo tu. Meza kidonge kimoja kizima bila kutafuna, kwa glasi iliyojaa maji, saa moja hadi tatu kabla. Kama mnategemea kuwa pamoja saa nne usiku, meza kati ya saa moja na saa tatu. Umekula au hujala, si tatizo. Ndani ya saa 24 ni kidonge kimoja tu. Tendo lisipofanyika, kidonge ulichomeza kimeshahesabiwa: usiongeze kingine usiku huo.

Sasa kuanguka. Kwa baadhi ya watu dawa hii hushusha presha ya damu ghafla wanaposimama, au hupunguza mapigo ya moyo, na damu hupungua kichwani. Hatari hiyo hukua kadiri dozi inavyopanda. Ndiyo maana kila mtu huanza na 30, na 60 huandikwa tu pale 30 haikutosha na haikumletea dalili za kuzimia. Ukipewa 60 siku ya kwanza, uliza kwa nini. Vilevile, kabla ya kuandikiwa, presha ipimwe umelala kisha umesimama. Kipimo hicho ni cha dakika chache na hakihitaji mashine kubwa, kwa hiyo kidai. Aliyewahi kuzimia bila sababu kujulikana, mwenye moyo ulioshindwa kazi, mapigo yasiyo na mpangilio au ugonjwa mkubwa wa valvu asiimeze kabisa.

Mara nyingi mwili hutoa ishara kabla ya kuzimia: kichefuchefu, kichwa kuwa chepesi, jasho, moyo kudunda, macho kuingiwa na giza. Ukizisikia usijikaze kusimama. Lala chini papo hapo, kichwa kiwe chini kuliko mwili, au keti na kuinamisha kichwa katikati ya magoti hadi zipite. Anayeamka usiku kwenda choo cha nje akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, ndipo anyanyuke taratibu. Kunywa maji ya kutosha siku hiyo. Na pombe iache kabisa siku ya dawa, iwe bia, komoni au ulanzi. Pombe huongeza usingizi na kizunguzungu na kufanya kuzimia kuwe rahisi zaidi, na msimu wa ulanzi wengi hawahesabu wamekunywa kiasi gani.

Kuhusu msumeno: usimeze mchana ukitarajia kurudi kazini, na dozi ya kwanza iwe usiku ambao kesho yake huna zamu. Pikipiki nayo ni hivyo hivyo hadi ujue mwili wako unaichukuliaje.

Usiichanganye na dawa yoyote ya sonona, tramadoli ya maumivu, linezolidi (hutumika kwa kifua kikuu sugu), vidonge vya kipandauso vya jamii ya triptani, wala vidonge vya fangasi vya ketokonazoli na itrakonazoli. Kama ulikuwa ukitumia dawa ya sonona, zipite siku 14 tangu uiache kwa utaratibu wa daktari. Ukiacha dapoksetini, zipite siku 7 kabla ya kuanza hizo nyingine. Ukiwa kwenye dozi ya vidonda vya tumbo yenye klarithromaisini, au unameza flukonazoli au erithromaisini, usivuke miligramu 30, na mwambie daktari mapema. Juisi ya balungi iache saa 24 kabla, kwa kuwa hufanya dawa nyingi zaidi ibaki kwenye damu.

Utarajie nini? Katika majaribio makubwa yaliyochapishwa 2006, wanaume waliokuwa wakichukua dakika 0.9 walifika wastani wa dakika 2.8 kwa miligramu 30 na 3.3 kwa miligramu 60. Waliopewa kidonge kisicho na dawa walifika 1.75. Kwa aliyekuwa akimaliza kabla ya dakika, nyongeza hiyo ni kubwa. Anayetafuta nusu saa hataipata hapa, na akiongeza vidonge ataongeza kuanguka tu. Rudi kwa daktari baada ya wiki nne au dozi sita, mpime kama faida inazidi kichefuchefu, kuharisha na kuumwa kichwa, ambayo ndiyo maudhi ya kawaida.

"Kwa nini nimepewa dawa ya sonona?"

*Mimi ni mwalimu. Daktari kaniandikia sertralini ya miligramu 50 kila siku. Nimesoma karatasi ya ndani, inazungumzia sonona tu. Sina sonona. Basi nameza Ijumaa na Jumamosi, mke wangu anapokuja kutoka Kilolo. Sioni tofauti. (Msomaji, Iringa mjini)*

Mwalimu, daktari hajakosea. Waliotibiwa sonona kwa dawa hizi walionekana wakichelewa kufika kileleni, na madaktari wakaanza kulitumia dhara hilo kama tiba. Karatasi ya ndani huandikwa kwa ugonjwa uliosajiliwa, ndiyo maana tatizo lako halimo. Dozi zinazotumika ni sertralini miligramu 50 hadi 200, paroksetini 10 hadi 40, fluoksetini 20 hadi 40, na klomipramini 12.5 hadi 50. Huanzwa chini na kupandishwa taratibu. Kwa kuchelewesha, paroksetini kwa kawaida ndiyo yenye nguvu zaidi.

Huoni tofauti kwa sababu ya ratiba yako. Sertralini ya kila siku huanza kuonyesha kazi baada ya siku 5 hadi 10, na nguvu kamili huja wiki ya pili au ya tatu. Ukimeza siku mbili na kuacha tano unabaki na kichefuchefu bila tiba. Meza kila siku saa ile ile, pamoja na chakula tumbo likikusumbua, asubuhi kama inakunyima usingizi. Ukisahau, endelea na dozi ya kesho, usimeze mbili. Kama unachotaka ni dawa ya wikiendi tu, mwambie daktari waziwazi, maana hilo hubadili uchaguzi wake.

Kuacha nako kuna njia yake. Ukikata ghafla baada ya wiki kadhaa unaweza kupata kizunguzungu, hasira, ndoto mbaya na hisia kama shoti ya umeme kichwani, na paroksetini ndiyo kali zaidi kwa hilo. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kwa mpango wa daktari. Wakati wa matumizi, wengine hupungukiwa hamu ya tendo lenyewe, hutoka jasho au huchoka. Sema mapema, dozi au aina inaweza kubadilishwa. Mwenye umri chini ya miaka 25 aangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuleta mawazo ya kujidhuru. Akiyasikia asibaki nayo peke yake: aende hospitali siku hiyo hiyo. Na aliyewahi kuwa na vipindi vya msisimko uliopitiliza, asilale na asihisi uchovu, amweleze daktari kabla hajaanza.

Mambo mawili ya huku kwetu. Wabeba viazi na mbao humeza daiklofenaki kama peremende. Ikikutana na dawa hizi, na hata na dapoksetini, tumbo huweza kuvuja damu. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali. Kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamoli. Pili, baridi ya Juni na Julai huleta kikohozi, na baadhi ya dawa za maji za kikohozi zina dekstromethofani, inayopandisha serotonini juu ya ile iliyopandishwa tayari. Mwambie mfamasia unachomeza kabla hajakupa chupa. Serotonini ikizidi mtu hutetemeka, hutoka jasho jingi, moyo huenda mbio, misuli hukakamaa, joto hupanda, akili huvurugika. Hiyo ni dharura, na dawa zote zilizomezwa zichukuliwe kwenda nazo.

Dawa ya ganzi inayomfikia mke

*Mume wangu anapaka krimu ya ganzi. Yeye anachelewa kweli, lakini mimi sihisi kitu, na siku nyingine hata yeye analegea. (Mama wawili, Tukuyu)*

Pole, mama. Krimu hiyo kwa kawaida ina lidokeini na prilokeini, asilimia 2.5 kila moja, na ni tiba nzuri ikipimwa muda. Makosa huwa mawili: anaiacha muda mrefu mno, na haiondoi.

Apake tabaka jembamba kwenye kichwa cha uume na mshipa wa chini yake. Kama hajatahiriwa, avute govi nyuma kwanza. Avae kondomu ili krimu isifutike, asubiri dakika 20, avue kondomu, aoshe uume vizuri kwa maji na sabuni, anawe mikono, ndipo mje pamoja. Akitaka usalama zaidi kwako, avae kondomu mpya. Akifika dakika 30 au 45 ganzi huzama hadi uume unalegea, na hicho ndicho mnachokiona. Ipo pia ya kupuliza yenye dawa hizo hizo, mipulizo mitatu kwenye kichwa cha uume dakika 5 kabla, nayo hufutwa kabla ya tendo.

Asipake penye kidonda wala mchubuko. Aliyetahiriwa karibuni asubiri kidonda kipone kabisa na wiki sita alizoelekezwa ziishe. Na kama yeye au wewe mna upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, prilokeini ni hatari kwa chembe nyekundu za damu: midomo kugeuka rangi ya bluu na kukosa pumzi ni dalili za kukimbilia hospitali. Ukiwa mjamzito, mwambie daktari kabla hamjaendelea.

Ninatumia ARV

*Niko kwenye dawa za kufubaza VVU miaka mingi, afya njema. Naogopa kumwambia wa famasi. Je, naweza kumeza dapoksetini? (Msomaji, Makambako)*

Inategemea vidonge vyako. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, mikoa ya Njombe (asilimia 12.7), Iringa (11.1) na Mbeya (9.6) ndiyo iliyokuwa juu kwa VVU kati ya watu wazima, kwa hiyo swali lako ni la nyumba nyingi.

Kama unameza kile kidonge kimoja chenye dolutegraviri, mgongano tunaouogopa haupo. Kama uko mstari wa pili, wenye atazanaviri au lopinaviri pamoja na ritonaviri, usimeze dapoksetini kabisa. Ritonaviri hulizuia ini kuivunja, na kidonge kimoja kinakuwa kama umemeza vingi. Sildenafili, dawa iliyomo kwenye Viagra, nayo hupanda vivyo hivyo. Kwa mtu wa ritonaviri kikomo ni miligramu 25 ndani ya saa 48, kwa amri ya daktari. Krimu ya ganzi ndiyo njia isiyogombana na ARV zako. Usiache ARV hata usiku mmoja ili kuipisha dawa hii. Kama famasi ya mtaani unaiona ngumu, liulize swali hili kwenye kliniki yako ya VVU (CTC), ambako kadi yako iko wazi mezani na hakuna cha kuficha.

Mchimbaji wa Chunya au mwingine yeyote aliye kwenye tiba ya kifua kikuu sugu aulize kama dozi yake ina linezolidi. Ikiwamo, dapoksetini na vidonge vyote vya sonona vinasubiri hadi tiba iishe.

Tramadoli, Viagra na vumbi la Kongo

*Naendesha lori. Zamani sikuwa na tatizo, mwaka huu ndio limeanza. Natumia tramadoli, nachelewa vizuri, lakini nikikosa siku mbili inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Wengine wananishauri Viagra au vumbi la Kongo. (Dereva, Tunduma)*

Ndugu yetu, dalili uliyoitaja ni ya utegemezi. Tramadoli iko jamii moja na mofini. Inapotoka mwilini, kumwaga haraka ni mojawapo ya dalili za kuikosa, nawe unameza tena ukidhani unatibu tatizo la awali. Njiani kuna degedege, kushindwa kupumua ikichanganywa na pombe, na kusinzia kwenye usukani. Usiikate peke yako kwa ghafla. Nenda hospitali ueleze unameza ngapi kwa siku, upunguziwe kwa mpango.

Viagra husaidia uume kusimama, haikuundwa kuchelewesha. Watu huita yote mawili "nguvu za kiume" na kununua dawa ya tatizo wasilokuwa nalo. Ila jiulize: unaharakisha kwa hofu kwamba uume utalala? Kama ndiyo, kusimama ndiko kunakotibiwa kwanza. Anayetumia dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, ile ya kuweka chini ya ulimi, asiiguse Viagra, presha inaweza kuporomoka hadi kifo. Vumbi nalo halina dozi wala orodha ya kilichomo, na katika nchi nyingi bidhaa zinazouzwa kama za asili zimepimwa zikakutwa na sildenafili ndani.

Kwa kuwa tatizo limekuja ukubwani, omba upimwe sukari, presha, mkojo, tezi dume na tezi ya shingo. Uambukizo wa tezi dume na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi vyote huleta hali hii, na vikitibiwa huenda usihitaji kidonge cha kuchelewesha.

Ninunue wapi?

*Kijijini kwetu kuna duka la dawa muhimu tu. (Msomaji, Busokelo)*

Duka la dawa muhimu lina orodha yake ya dawa linazoruhusiwa, na vidonge vya jamii hii vinataka cheti na famasi. Panga safari moja: daktari asubuhi, famasi mchana. Beba vidonge vyote unavyotumia, na vya miti shamba, kwenye mfuko mmoja. Famasini angalia jina la dawa, miligramu, namba ya toleo na tarehe ya mwisho kwenye boksi na kwenye kidonge kilichofungwa, vifanane. Vipande vilivyokatwa visivyo na tarehe viache hapo hapo, hata bei ikiwa nusu. Ukipata dhara au kuitilia shaka dawa, toa taarifa kwa mtoa huduma wako au TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kanda yetu ina ofisi Mbeya mjini. Nyumbani dawa ziwe mbali na moshi, unyevu na mikono ya watoto.

Tunatafuta mtoto

*Nameza paroksetini mwezi wa tatu sasa, na tunataka mke ashike mimba. Niendelee? (Msomaji, Njombe)*

Zungumza na daktari kabla ya mwezi mwingine kuisha. Paroksetini imeonekana kuweza kuharibu ubora wa mbegu kwa baadhi ya wanaume, hali ambayo hurejea dawa ikiachwa. Mbegu mpya huchukua karibu miezi mitatu kukomaa, basi hesabuni hivyo mnapopanga. Dozi ipunguzwe taratibu kama tulivyomweleza mwalimu wa Iringa, na wakati huo krimu ya dakika 20, ikioshwa vizuri, inaweza kushika nafasi yake bila kondomu wakati wa tendo.